Mwaka Nilioitikia kwa Niaba ya Chuma

Mwezi huu nimejificha mara mbili nyuma ya mama muuza mandazi wa Kimara, na mara ya pili mama mwenyewe aliniuliza kama nanunua au nimetumwa kumloga. Nilikuwa namchungulia fundi wa kutengeneza vyerehani. Kibanda chake kiko kona ya mashine ya kusaga, kina vyerehani vinne vilivyopangwa kama wanafunzi waliochelewa namba, na yeye anakaa katikati yao ameinamisha kichwa, anatia mafuta kwa kichupa chenye mdomo mrefu. Nilimtambua kabla hajainua uso, kwa kovu la mkono wa kulia linaloanzia kwenye kiwiko na kushuka kama mto kwenye ramani. Lile kovu nimemchorea mie, ingawa siku ile mikono yangu haikugusa kitu. Nina miaka kumi na minane, niko kidato cha sita, darasani kwetu nikifungua mdomo watu wanacheka kabla sijasema. Ila pale nyuma ya beseni la mandazi nilinunua mandazi manne nisiyoyataka ili nisifukuzwe. Kwa hiyo nimeamua kuandika kwanza. Nikimaliza nitajua kama naweza kuvuka ile barabara.

Mwaka wenyewe ni ule nilipokuwa kidato cha pili, nakaa Temeke kwa Shangazi Hawa. Nani alinizaa na kwa nini nilipelekwa kwa shangazi ni mambo ya kikao cha ukoo, hayahusiani na tabo. Shangazi alikuwa na gereji ya tabo. Asiyejua tabo nimweleze kama nilivyoelezwa mie: ni konokono wa chuma anayekaa ubavuni mwa injini, ndani yake kuna feni mbili kwenye shafti moja. Moshi unaotoka unazungusha feni ya kwanza, feni ya pili inavuta hewa na kuisukumia injini kwa nguvu, na gari lililokuwa linapanda kilima kwa kuomba radhi linapanda kama limetukanwa. Malori ya Tunduma yalikuja kwetu, mabasi yalikuja, na siku moja moja walikuja wale wenye pesa za kuchezea, wanaotaka tabo kubwa kuliko akili zao ili wakashindane kwenye viwanja vya vumbi huko nje ya mji. Nyumba ilikuwa na vyumba vinne. Kimoja cha shangazi, kimoja changu mie na magunia ya mkaa, kimoja stoo, na kimoja tulikiita Chumba Cheupe. Hicho ndicho kilichokuwa moyo wa nyumba. Sakafu yake ilipigwa deki mara tatu kwa siku, ulivua viatu mlangoni kama msikitini, ulifunga kichwa hata kama wewe ni mwanaume mwenye upara, na ukikutwa na punje ya sukari kwenye kidole shangazi alikutoa kwa sikio. Alikuwa anasema feni inayozunguka mara elfu na maelfu kwa dakika haijui utani, punje moja ya mchanga kwake ni jiwe. Kilinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Mie nilikipenda kile chumba kuliko kitu chochote cha mwaka ule, na sikumwambia mtu, kwa sababu mcheshi akisema anapenda kitu watu wanasubiri sehemu ya kuchekesha.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo sijaiona gereji nyingine. Tabo ikishafungwa kwenye gari, kabla injini haijawashwa, shangazi alifungua kaunta buku na kuita majina ya vipuri kimoja kimoja, kama mwalimu wa zamu. Feni. Bushi. Pete ya kuzuia oili. Nati ya shafti. Na fundi aliyekifunga kile kitu kwa mkono wake alipaswa kuitikia, kimo. Asipoitikia, hakuna kuwasha, hata mwenye gari awe mkuu wa nini. Ulikuwa na sheria moja tu ule mwito: ukiitikia kitu ambacho hakimo, Chumba Cheupe umekiaga. Alishawahi kumfukuza fundi aliyekuwa naye miaka tisa kwa ajili ya kishikizo kimoja cha waya. Sasa mie nilipofika, kwa vile mdomo wangu haulali, nikaanza kuviitikia vile vipuri kwa sauti zao. Feni niliiitikia kwa sauti ya binti anayeringa. Nati niliiitikia kwa sauti ya askari mgambo. Pete ya oili nikaifanya bibi mwenye pumu. Mafundi walicheka mpaka spana zikawaanguka, na shangazi mwenyewe, ambaye kicheko chake kilikuwa adimu kama mvua ya Agosti, aliguna puani akaendelea kuita. Baada ya mwezi ikawa kawaida: wao wanafunga, mie naitikia. Hakuna aliyesema kwamba mambo yamebadilika. Yalibadilika tu.

Mafundi wakubwa walikuwa wawili. Mzee Shaweji, mtu wa Rufiji, alikuwa anafungua tabo tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, redio ilikuwa na miguu. Fundi Elisante alitoka Upareni, alikuwa na miaka ishirini na nne, mpole, anaongea polepole kama anayehesabu maneno yasiishe. Walibishana kutwa. Asubuhi walibishana juu ya supu ya kongoro ya Mama Chausiku, aliyekuwa anapika uani kwetu chini ya turubai, mchana wakabishana juu ya wali maharage, na mie nilikaa katikati nikitia chumvi ambayo haikuombwa. Mzee Shaweji aliamini tabo za zamani. Elisante aliamini mpya. Mimi niliamini yeyote atakayenimegea chapati.

Ubishi ukapata mwili siku Bosi Farid alipokuja. Huyu alikuwa bwana mmoja wa Mbweni, mwenye pikapu ya dizeli aliyoilea kuliko watoto, na alileta tabo mbili kubwa za ukoo mmoja. Ya kwanza ilikuwa ya kizazi cha zamani, imeshamshindia mashindano. Ya pili ilikuwa kizazi kipya cha tabo ileile, imetoka kwenye boksi. Alitaka tumfungie ya zamani kwanza, apime, halafu tumfungie mpya, apime, ndipo aamue. Zilipowekwa juu ya meza ya Chumba Cheupe nilidhani ananitania, maana kwa nje zilikuwa pacha: konokono yuleyule, mdomo uleule unaoweza kumeza sahani ya chai. Shangazi akazifungua, tukaona tofauti. Feni ya zamani ilikuwa ya kumiminwa kwenye kalibu, mapanga yake mazito, shina lake nene kama shingo ya mbeba zege. Feni mpya ilichongwa yote kutoka kwenye bonge moja la aluminiamu, mapanga membamba yaliyopinda kama kurasa za kitabu unazozipuliza, na ukiiweka kiganjani unashangaa iko wapi. Ya zamani shafti yake ilielea kwenye oili ndani ya bushi za shaba. Ile mpya ilikaa juu ya gololi, ukiizungusha kwa kidole inazunguka mpaka unachoka kuitazama.

"Hiyo ya gololi ni mtoto wa shule ya kulipia," Mzee Shaweji alisema. "Ukimkosesha maziwa analia. Hii yangu inakunywa oili chafu, inakunywa oili ya jana, na kesho inaamka."

"Inaamka saa ngapi, mzee wangu?" Elisante akauliza, na hata shangazi aliangalia pembeni.

Maana hilo ndilo lilikuwa tatizo la ile ya zamani. Walipoifunga na kwenda kuijaribu kwenye barabara ya vumbi upande wa Mbagala, nilipanda nyuma. Bosi Farid akakanyaga mafuta. Mzee Shaweji akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, injini inanguruma tu kama mtu anayesafisha koo, na alipofika nne ndipo mshale wa geji ukaruka na pikapu ikatuvuta mpaka nikabaki nimeshika bodi kwa kucha. Mlio wake ulikuwa mzito, wa kuunguruma kifuani. Mzee alishuka anatembea kama bwana harusi. Elisante aliandika ile nne kwenye karatasi, akaikunja mara nyingi, akaitia mfukoni. Aliniambia siku ile wakati tunakula kwamba mpya ingeamka kabla ya mbili, na kwamba akishaonyesha hilo, Bosi Farid ameahidi kumpa kazi ya magari yake yote, na yeye atamwomba shangazi amfundishe kusawazisha feni, kazi ambayo shangazi hakuwahi kumfundisha mtu. Aliniambia mie kwa sababu nilikuwa mtoto wa kidato cha pili na hakudhani nahesabika.

Mpya ilikuwa na sharti moja. Ile ya zamani unaipa oili kwa bomba zima, inaogelea. Ya gololi ukiipa oili nyingi hivyo inazidiwa, inaanza kuvujisha kwenye pete zake na oili inaingia kwenye hewa ya injini. Kwa hiyo mlangoni mwa bomba la oili unaweka kidude cha shaba, kidogo kama ncha ya kidole cha mtoto, chenye tundu la kupita sindano. Sie tulikiita Kijitundu. Kilikaa kwenye trei, kwenye kashimo kake, kinang'aa kuliko vyote. Alhamisi asubuhi, kabla sijaenda shule, nilikichukua. Nilidhani nitakirudisha jioni. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba ni kipima uongo kutoka ng'ambo, ukimchungulia mwongo kupitia lile tundu unamwona kichwa chini miguu juu. Walipanga foleni. Mtoto mmoja aliapa amemwona mwalimu wa Uraia amening'inia kama popo. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, nikakitia kwenye mkebe wa kompasi, na jioni nilipofika nyumbani kulikuwa na mihogo ya nazi, nikasahau.

Ijumaa shangazi alikwenda msibani. Elisante alikuwa amelala chini ya pikapu, anakaza bomba la oili. Alipoangalia trei akaona kashimo ka Kijitundu kako tupu, na kwa kuwa alikuwa ameshaliunganisha lile bomba mezani na Mzee Shaweji, akaamini ameshakiweka ndani kwa mkono wake. Mzee naye alidhani Elisante amekiweka. Ndiyo kazi ya mwito, sasa: kunasa kosa kama hilo. Mzee akavaa miwani, akafungua kaunta buku, akaita. Mie nikasimama juu ya tairi nikaitikia. Ilikuwa siku yangu nzuri sana, niliongeza sauti mpya mbili tatu. Alipoita Kijitundu nikakiitikia kwa sauti ya panya aliyebanwa mlangoni, "kiiimo," na chini ya gari nikamsikia Elisante anacheka mpaka anakohoa. Sikuangalia trei. Sikufikiri neno. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kuna kitu kilinigusa hata kidogo wakati ule, na hakuna. Nilikuwa nasikiliza vicheko.

Jumamosi asubuhi tulikuwa na twisheni ya hesabu. Mwalimu akasema toeni kompasi. Nikafungua mkebe, na kilikuwa kimelala mle pembeni ya raba, kinanitazama kwa lile jicho moja. Nikakitoa. Sikuomba ruhusa. Nilitoka mlangoni mwalimu ananiita, nikakimbia, na njia nzima kutoka shule hadi kwetu nilikuwa nimekibana mkononi mpaka kikanichora duara kwenye kiganja. Walipanga kuwasha saa nne. Nilikuwa naomba Mungu Bosi Farid achelewe, maana watu wa Mbweni huchelewa. Hakuchelewa. Nilifika getini nikaikuta injini inaunguruma tayari, taratibu, na watu wamesimama duara: Bosi Farid na raba zake nyeupe, shangazi na khanga ya msibani bado, Mzee Shaweji amekunja mikono, Mama Chausiku na unga mpaka kwenye viwiko. Elisante alikuwa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje.

Hapa ndipo sipendi kufika. Mlango wa geti ulikuwa wazi, hatua kumi kutoka kwangu hadi kwa shangazi, na neno lenyewe lilikuwa moja tu, zimeni. Sikulisema. Nilisimama. Nilimwona shangazi, nikauona mlango wa Chumba Cheupe nyuma yake, nikaona vilevile nyuso zao zitakavyogeuka. Nikajiambia labda haitakuwa kitu. Nikajiambia inaunguruma vizuri, mbona. Nikajiambia watazima wenyewe sasa hivi, nitamnong'oneza Elisante pembeni, atakitia, tutacheka. Kwenye ekzosi kulikuwa na moshi mwembamba wa bluu ambao asubuhi ile nilikuwa mtu pekee duniani niliyejua maana yake. Sikuhesabu, lakini ilitosha kusema lile neno mara ishirini. Ndipo Bosi Farid akasema asikie basi mluzi wa hiyo mpya, na Elisante akapiga resi moja.

Haikurudi chini. Mluzi ulitoka, mwembamba, mzuri kwa kweli, halafu injini ikaufuata juu, na Elisante alikuwa ameshaondoa mguu, sote tuliuona mguu wake, na bado inapanda. Akazima ufunguo. Inapanda. Akauchomoa kabisa, akaushika hewani kama anatuonyesha, na ile injini ilikuwa inalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena isipokuwa ndotoni. Haikuhitaji dizeli tena. Ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe iliyovujia kwenye tabo, na kadiri inavyokimbia inajimiminia zaidi. Moshi mweupe ukajaa uani mpaka sikuona turubai. Pikapu yote ilitetemeka, kitu kikaanza kugonga ndani kama nyundo, na nikamsikia shangazi anapiga kelele watu watoke, nyuma ya ukuta, nyuma ya ukuta, itapasuka. Nilishikwa blauzi na Mama Chausiku nikavutwa. Wote walikimbia. Elisante peke yake alikwenda mbele badala ya nyuma. Njia ilikuwa moja tu, kuinyima hewa. Nilimwona kupitia moshi anang'oa bomba la hewa kwa mikono, mkono wake wa kulia umelala juu ya ekzosi nyekundu na hauondoi, halafu anaangaza macho anatafuta cha kuzibia ule mdomo ambao ungemeza kiganja chake kama sambusa. Akaruka hadi mezani kwa Mama Chausiku, akachukua kibao cha chapati na unga wake juu, akakibamiza. Kile kibao kilinyonywa kikanata. Injini ikakoroma, ikajikunja, ikatikisika mara tatu kama kuku aliyechinjwa. Ikafa.

Ukimya ule ulikuwa na mlio ndani yake. Unga ulikuwa unaanguka polepole juu ya kila mtu. Mie nilikuwa nimekaa chini nyuma ya ukuta, nimejilowesha, na kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, kilikuwa kuficha mkono.

Waliifungua tabo mchana uleule. Bosi Farid alikuwa ameondoka akisema hataki kusikia habari za kizazi kipya, warudishe ya zamani injini ikipona, na Mzee Shaweji alisema, "Niliwaambia," mara moja tu, kwa sauti ndogo, halafu hakula. Mie nilijifanya naumwa tumbo, nikalala chumbani kwangu, ambako ukuta uliotugawa na Chumba Cheupe ulikuwa wa mbao nyembamba. Nikawasikia. Nilisikia bomba la oili linafunguliwa. Nikasikia spana inawekwa mezani. Halafu Elisante akasema, "Kijitundu hakimo, nilisahau kukiweka."

"Uliitikia?" shangazi akauliza.

"Niliitikia."

Hakuwa ameitikia yeye. Alijua, mzee alijua, shangazi pia alijua kabisa ni nani huitikia katika nyumba ile. Lakini kwa desturi aliyefunga ndiye mwenye jibu, na yeye, aliyeniachia niitikie kwa niaba yake kwa sababu ilimchekesha, akalibeba jibu langu kama lake. Hakunitaja. Shangazi akaifunga kaunta buku. Kisha akamwambia avae viatu vyake. Kupitia upenyo wa mbao nilimwona anainama mlangoni, mkono umefungwa kitenge kilichopakwa asali, anahangaika na kamba za viatu kwa mkono mmoja. Kijitundu kilikuwa chini ya mto wangu. Nilikuwa nimebakiza kugonga ule ukuta.

Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Mzee Shaweji alikwenda chumba alichopanga Tandika, akaambiwa amehama. Nilikaa na ile siri wiki tatu, na wiki tatu zile nilikuwa mcheshi kuliko wakati wowote, shule nzima ilinijua. Usiku nilikuwaga najifunika shuka mpaka kichwani kwa joto lile la Dar kwa sababu nilikuwa nausikia ule mluzi unapanda. Nyumbani hapakuwa na mwito tena wa kuchekesha. Mzee Shaweji alijiitikia mwenyewe, kimo, kimo, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Ijumaa moja shangazi alipika pilau, akaweka sinia katikati yetu watatu, yeye, Mzee Shaweji na mie. Nikakitoa Kijitundu mfukoni nikakiweka juu ya ukingo wa sinia. Nilitaka kusema maneno, nilikuwa nimeyapanga, lakini nilichosema ni kwamba kilikuwa shule. Kilikuwa shule, shangazi. Shangazi akanawa mikono kabla hajamaliza kula, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akachukua simu akampigia Elisante pale pale. Haipatikani. Akapiga tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na nadhani kila Ijumaa mpaka ile namba ikawa ya mtu mwingine, mama mmoja wa Mwanza aliyetuomba tumwache. Mie hakunipiga. Aliniambia tu kwamba nikipita mlango wa Chumba Cheupe nipite kama napita mlango wa jirani. Mpaka leo sijaingia.

Desemba, baada ya mitihani, Mzee Shaweji aliitengeneza ile tabo mpya, yeye mwenyewe aliyeitukana, gololi kwa gololi. Akambembeleza Bosi Farid mpaka akakubali mara moja tu. Shangazi akaniamuru nikae mbele nisome geji. Injini ilipowashwa niliuma ulimi nikaonja damu, na njia nzima ya Mbagala nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango. Bosi Farid akakanyaga. Mzee akasema moja, na kabla hajafungua mdomo tena mshale uliruka na kichwa changu kikagonga kiti. Ilikuwa nyepesi, safi, inavuta bila kunguruma, na mluzi wake ulikuwa uleule. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Shaweji alivua miwani, akasema yule kijana alikuwa sahihi, akageuza uso dirishani.

Jana nilivuka barabara. Nilikuwa nimejiandaa na utani wa kuanzia, mzuri tu, nikaupoteza katikati ya lami. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuniangalia, akaniuliza cherehani cha kutengeneza kiko wapi. Nikamwambia mie ni Zuwena wa kwa Shangazi Hawa. Mikono yake ikatulia. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, shule, mkebe, ile sauti ya panya niliyoiigiza, geti, lile neno moja ambalo sikulisema, na ukuta wa mbao. Watu walipita, mashine ya kusaga ilikuwa inapiga kelele, ikabidi nipaze sauti kwenye sehemu za aibu. Alinisikiliza ameinama. Nilipomaliza akakifunga kichupa cha mafuta, na nilitamani anitukane.

"Miaka minne," akasema mwishowe, "nimekuwa nakumbuka nakiweka Kijitundu. Naiona kabisa mikono yangu inakiweka. Nikasema basi, akili yangu ndiyo mbovu. Mtu wa namna hiyo asishike vitu vya kuua watu."

Nikasema samahani, kaka. Mashine ya kusaga ikalimeza neno, nikalirudia.

"Ile tabo mpya, mliijaribu tena?"

"Tuliijaribu. Haikufika mbili. Mzee Shaweji alisema ulikuwa sahihi."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anakubaliana na mtu mwingine aliyekuwa nyuma yangu. Kisha akachukua uzi mweusi akaanza kuutunga kwenye sindano ya cherehani kilichokuwa mbele yake. Akajaribu mara ya kwanza. Akakosa, akalowesha uzi kwa ulimi, akakosa tena. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Akausogeza ule uzi mbali na vidole vyangu, bila hasira, akaendelea kujaribu mwenyewe.